Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Maji Ndani ya Kabini ya Pikapu ya Zamani

Anayeendesha pikapu ya zamani katika wilaya kama Rungwe, ambako mvua ya mwaka mmoja huweza kuzidi milimita 2,000, huijua harufu ya uvujaji kabla hajaijua sababu yake. Ni harufu ya kapeti lililolowa na sponji ya kiti, iliyochanganyika na vumbi la miaka mingi, ambayo hukupokea asubuhi unapofungua mlango. Kisha unakanyaga, na chini ya kiatu unasikia maji. Wengi wetu hapo hukimbilia dukani kununua tyubu ya silikoni, tukaizungusha pembezoni mwa kioo cha mbele, tukasubiri mvua inayofuata. Mvua inanyesha, na maji yako palepale.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pikapu ya umri wa miaka ishirini au zaidi, iwe ya kabini moja au mbili, ambaye yuko tayari kutumia siku nzima kutafuta kabla ya kuziba. Kutafuta ndiyo kazi yenyewe; kuziba mara nyingi huchukua muda mfupi na fedha kidogo. Mahali maji yanapoonekana ni nadra kuwa mahali yanapoingilia, kwa sababu yakishaingia ndani ya bodi hufuata mikunjo ya bati, nyaya na nguzo, hupita nyuma ya dashibodi, na kujitokeza pale tu yanapokosa njia nyingine. Tone lililoingia kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele huweza kuteremka ndani ya nguzo hadi miguuni mwa abiria, na maji hayohayo ukayakuta nyuma ya kiti iwapo gari liliegeshwa likitazama mlimani.

Nilijifunza haya kwa pikapu yangu ya mwaka 1994, iliyokuwa ikilala chini ya mparachichi. Nilikuwa nimekwisha kumaliza tyubu tatu za silikoni kwenye kioo nilipoipeleka kwa mzee mmoja fundi bodi mjini Tukuyu. Hakukigusa kioo. Aliomba jagi la maji, akalimimina polepole kwenye matundu yaliyo chini ya waipa, upande wa kulia, kisha akaniambia nichuchumae kwenye gurudumu la mbele nitazame. Maji yalitoka nyuma ya madigadi, safi. Akamimina upande wa kushoto, tukangoja. Chini ya gari hapakutoka kitu, na baada ya muda mfupi tukasikia matone yakidondoka ndani ya kabini. “Usizibe kitu ambacho hujakiona kikivuja, mwanangu,” alisema, huku akiingiza mkono na kutoa konzi ya tope jeusi la majani ya parachichi yaliyooza. Kioo kilikuwa kizima muda wote huo.

Vifaa si vingi. Tafuta tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa na ya nyota, spana za 10, 12 na 14 ambazo hufungua sehemu kubwa ya kabini ya pikapu za Kijapani, mpira wa maji au keni ya kumwagilia bustani, magazeti ya zamani, chaki, vitambaa vikavu, waya laini, brashi ya waya na msasa. Utahitaji pia mtu wa pili, kwa kuwa huwezi kumwaga maji nje na wakati huohuo ukalala chini ya dashibodi ukitazama tone la kwanza linapotokeza, na tone hilo la kwanza ndilo lenye habari unayoitafuta.

Kwanza, yatambue maji yenyewe

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, hakikisha kwamba unachokifukuza ni maji ya mvua. Gusa kilicholowa kwa kitambaa cheupe. Ikiwa kitambaa kimepata rangi ya kijani, nyekundu au buluu, kinateleza kama kimepakwa mafuta mepesi na kina harufu ya utamutamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita au kwenye mipira yake nyuma ya dashibodi. Dalili nyingine ni kioo cha mbele kupata ukungu wenye utando usiofutika vizuri, na maji ya akiba ya rejeta kupungua bila sababu. Usiyaonje hata kidogo, kwa sababu ethilini glikoli iliyomo katika kulanti nyingi ni sumu, na utamu wake ndio unaowaponza mbwa wanaoilamba. Uvujaji wa namna hii hautibiwi kwa kuziba bodi. Rejeta ya hita hubadilishwa au kutengenezwa, na gari lisitembezwe safari ndefu kabla ya hapo, maana injini ikipungukiwa maji huchemka.

Ikiwa maji ni safi, yanaonekana upande wa abiria tu, tena hata siku za jua ulipowasha kiyoyozi, basi ni maji yanayotokana na kupozwa kwa hewa. Kiyoyozi kina kimpira chembamba kinachotoa maji hayo nje kupitia ukuta unaotenganisha injini na kabini, na katika magari yetu yenye usukani wa kulia mara nyingi kimpira hicho hutokeza upande wa kushoto. Gari zima huacha kidimbwi kidogo chini yake kiyoyozi kikifanya kazi kwenye hali ya hewa yenye unyevu. Kama hukioni kidimbwi hicho, kimpira kimeziba. Kitafute ukiwa chini ya gari na ukizibue kwa waya laini, kwa upole, bila kuusukuma ndani kwa nguvu.

Na ikiwa kapeti hulowa tu baada ya kupita kwenye madimbwi, wakati mvua ya usiku gari likiwa limeegeshwa hailoweshi kitu, acha habari za paa na vioo uende moja kwa moja kwenye sakafu, ambayo nitaieleza mbele. Kinyume chake, gari linalolowa likiwa limesimama linavuja kutoka juu. Andika mahali ulipoona maji, jinsi gari lilivyoelekea lilipoegeshwa, na kama mvua ilikuwa na upepo. Kwa watu wa milimani hilo la mwelekeo lina uzito mkubwa, kwa sababu zipo pikapu zinazovuja zikiinamisha pua na kukaa kavu kabisa zikiiinua.

Toa kila kilicholowa

Fungua waya hasi wa betri kwanza. Katika pikapu nyingi za zamani boksi la fyuzi liko chini pembeni mwa miguu ya dereva, mahali hasa ambapo maji hupenda kushukia, na hutaki mkono wako wenye maji ukutane na waya wenye umeme. Kama gari lako lina mifuko ya hewa ya usalama, usiguse viunganishi vyake vya rangi ya manjano.

Baada ya hapo ondoa mati, vibao vya plastiki vya kizingiti cha mlango, paneli za pembeni mwa miguu, na kiti. Usiridhike kwa kukunja kapeti upande mmoja. Chini ya kapeti kuna tabaka la sponji au manyoya yaliyoshindiliwa, na tabaka hilo hushika maji kwa wiki kadhaa huku kapeti la juu likionekana limekauka. Likunje na ulikamue. Utashangaa kiasi kitakachotoka. Litundike juani kwa siku kadhaa, na kama limeshaota ukungu mweusi na kumeguka, litupe, kwa maana harufu ile haitoki kwa kufuliwa.

Sasa tazama bati lililo wazi kwa tochi kabla ya kulifuta, kwa kuwa vumbi la kiangazi ni shahidi mzuri. Maji yanapopita juu ya bati lenye vumbi jekundu huacha mstari: katikati pameoshwa na kubaki rangi ya gari, pembeni pana ukingo mwembamba wa tope lililokauka. Fuata mstari huo kwenda juu kadiri macho yanavyofika. Nyuma ya paneli ya miguuni upande wa kushoto wa gari langu ulikuwepo mstari wa namna hiyo, upana wake kama wa kidole kidogo, ukianzia kwenye maungio ya bati chini kabisa ya kona ya kioo na kuishia sakafuni. Ulikuwa umeandikwa pale kwa misimu mingi, nami sikuwa nimewahi kuifungua paneli. Ukimaliza kutazama, piga picha kwa simu, kisha futa na ukaushe kila kitu.

Zoezi la maji, kutoka chini kwenda juu

Tandika magazeti makavu sakafuni na uyasukume hadi kwenye kona, kwa sababu karatasi huonyesha tone mara moja. Mahali pa wima kama nguzo na ukuta wa injini, paka chaki. Tone likipita huacha alama isiyo na shaka. Mwenzako aingie ndani na tochi, milango ifungwe.

Anza chini kabisa, kwenye kizingiti cha mlango. Maji yatoke kwa utulivu kama mvua ya kawaida, bila kubana mdomo wa mpira, na usitumie kamwe mashine ya kuoshea magari, kwa kuwa presha yake huyapitisha maji hata kwenye mpira mzima na utaishia kutengeneza kitu kisichoharibika. Kaa sehemu moja kwa dakika tano kamili kabla ya kupanda, maana maji huchukua muda kujaza mfereji na kutafuta njia. Toka kwenye kizingiti nenda kwenye sehemu ya chini ya mlango, kisha kioo cha mlango, kisha matundu ya chini ya waipa, ukingo wa chini wa kioo cha mbele, pande zake, ukingo wa juu, kioo cha nyuma, mfereji wa paa, na mwisho paa lenyewe. Ukianzia juu, maji yatashuka na kulowesha kila kitu kwa pamoja, na mtu wa ndani akipiga kelele kwamba ameona tone hutajua kama limetoka paani, kiooni au mlangoni. Ukianzia chini, tone la kwanza huwa linatoka pale ulipo, au karibu sana na hapo.

Likionekana, usifurahi ukaacha. Weka alama kwa tepu ya karatasi, kausha, badilisha gazeti, rudia mahali hapohapo ili kuhakikisha, halafu endelea hadi juu. Pikapu ya umri huu mara nyingi huvuja mahali pawili au patatu, na aliyeziba moja humlaumu fundi kwa lile la pili.

Mfereji wa chini ya waipa

Hapa ndipo ningeanza matengenezo hata kama zoezi lingeonyesha mahali pengine. Kati ya boneti na kioo cha mbele kuna kibao chenye matundu, na chini yake pana mfereji mpana wa bati unaopokea maji yote yanayoteremka kwenye kioo, na ambao pia huingiza hewa kwenye kabini. Maji hutoka kwenye mfereji huo kupitia tundu kila upande, yakashukia nyuma ya madigadi za mbele. Majani yakiziba tundu moja, mfereji hujaa kama beseni hadi kufikia mlango wa hewa, na kutoka hapo maji huingia ndani kupitia feni ya hita.

Chora kwa tepu mahali waipa zilipolalia kioo, uzifungue, kisha uondoe kibao kwa uangalifu kwa sababu plastiki ya miaka thelathini huvunjika kwa kuguswa. Zoa takataka kwa mkono na kijiko. Usizisukume kwa maji kuelekea kwenye tundu, kwa kuwa utaziba zaidi. Yabakie yale madogo, ndipo uyaondoe kwa waya laini na maji kidogo kidogo, huku ukitazama chini nyuma ya gurudumu hadi yatoke kwa wingi uleule unaomimina. Fanya hivyo pande zote mbili.

Mfereji ukiwa mtupu, uangalie kwa tochi. Tope la majani lililokaa miaka hushika unyevu juu ya bati, nalo huanza kuliwa. Ukikuta kutu ya juujuu, isugue, paka dawa ya kutu, praima na rangi. Ukikuta tundu ambalo bisibisi inaingia, hiyo ni kazi ya fundi bodi kukata na kuchomelea kiraka. Puti na silikoni mahali hapo hudumu msimu mmoja, huku kutu ikiendelea chini yake bila kuonekana.

Milango

Watu wengi hudhani kwamba mlango unaovuja ni ule ambao kioo chake hakibani. Ukweli ni kwamba maji huingia ndani ya mlango wa kila gari, jipya na la zamani, kila mvua inaponyesha. Hupita kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, na hutakiwa kutoka kwenye matundu yaliyo chini. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati la ndani ya mlango, nyuma ya paneli. Nailoni hiyo ikiwa imechanika, au haipo, maji hutokeza chini ya paneli, hushukia kwenye kizingiti na kuingia chini ya kapeti.

Ninasema haipo kwa sababu mara nyingi haipo. Gari lililokwisha kupitia mikono mingi limefunguliwa milango yake mara nyingi, kubadilisha kitasa, kutengeneza kipandisha kioo, na zaidi ya yote kuweka spika. Fundi wa redio hukata nailoni ili spika ipite, au huing'oa yote na kuitupa, na mwenye gari haambiwi. Msimu wa mvua unapofika anaanza kushuku kioo cha mbele.

Zibua kwanza matundu ya chini ya mlango kwa waya, na utazame yanayotoka: mchanga, kutu, vipande vya vioo vya zamani. Kisha ondoa paneli. Kwa kawaida kuna skrubu kwenye kishikio, kidude cha kuzungushia kioo kilichoshikwa na kipini chenye umbo la herufi U, na klipu za plastiki pembeni ambazo huachia ukipenyeza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Nunua klipu chache za akiba, maana baadhi zitavunjika.

Kata nailoni nzito kwa kufuata umbo la ile ya zamani, au la mlango wa upande wa pili kama yake ipo. Ibandike kwa gundi ya butili, ile nyeusi inayouzwa kama kamba na isiyokauka, ambayo mafundi wa vioo na wa taa za magari huwa nayo. Jambo moja hapa lisikosewe: ukingo wa chini wa nailoni uingizwe ndani ya tundu la mlango, ili maji yanayoteremka juu yake yadondokee ndani ya mlango na kutoka kwenye matundu. Nikiona nailoni iliyobandikwa vizuri pande zote lakini ukingo wake wa chini umeachwa ukining'inia kwa nje, najua maji yote yataongozwa kabinini kama kwa mfereji wa bati. Kama kuna spika, itengenezee kofia ya nailoni nyuma yake.

Mpira wa mlango wenyewe upime kwa karatasi. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, funga mlango, kivute: kikitoka kwa kukwama, mpira unabana, kikiteleza chenyewe, haubani. Pima kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka mlango mzima. Mpira usiobana mahali pamoja huenda umelala au umechanika, lakini usiobana upande mzima wa juu huashiria mlango ulioshuka kwa sababu ya bawaba zilizochakaa au chuma cha kitasa kilicho kwenye nguzo kilichosogea. Legeza skrubu za chuma hicho, kisogeze ndani kiasi kidogo sana, kaza, jaribu tena. Mpira mpya kwenye mlango ulioshuka utavuja vilevile. Unapoweka mpira mpya, maungio yake yawe chini.

Kioo cha mbele na cha nyuma

Ikiwa zoezi limethibitisha kwamba ni kioo, tambua kwanza kimeshikwaje. Katika pikapu kama Peugeot 504 na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, kioo cha mbele hushikwa na mpira mnene uliokumbatia kioo upande mmoja na bati upande mwingine. Vingine vimegandishwa kwa gundi ngumu ya poliyurethani moja kwa moja kwenye bodi.

Cha mpira unaweza kukishughulikia mwenyewe. Inua mdomo wa mpira kwa kijiti cha mbao au mwiko wa plastiki, safisha mchanga ulio chini yake, acha pakauke kabisa, kisha ingiza silanti (dawa ya kuzibia) nyeusi ya vioo vya magari isiyoganda, kwanza kati ya mpira na bati, halafu kati ya mpira na kioo. Futa inayozidi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, bila kuloweka mpira. Ikiwa mpira umekuwa mgumu kiasi cha kupasuka unapouinua, hakuna silanti itakayousaidia. Nunua mpya na umwite fundi wa vioo.

Silikoni ya bafuni usiitumie. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye bati. Isitoshe, ikishapakwa, rangi na gundi nyingine hazishiki tena juu ya mabaki yake. Kazi ya kuondoa tyubu zangu tatu kwa wembe na kidole ilinichukua muda mrefu kuliko matengenezo mengine yote.

Kioo cha gundi mwachie fundi anayeifanya kazi hiyo kila siku, kwa kuwa kioo cha aina hiyo hushikilia uimara wa kabini na hakitakiwi kuchomoka gari likipinduka. Msimamie, hata hivyo, kwa mambo mawili: kutu yote kwenye fremu isuguliwe na kupakwa praima kabla ya gundi, na gari lisitembezwe kabla ya saa zilizoandikwa kwenye tyubu ya gundi kutimia.

Kioo cha nyuma cha pikapu huteseka kwa jambo ambalo magari madogo hayana: mzigo. Magunia ya viazi na mikungu ya ndizi hukisukuma, kamba hufungwa karibu yake, na mpira husogea kona moja. Kikiwa ni cha kusogezwa, reli yake ya chini ina vitundu vidogo vya kutolea maji ambavyo huziba kwa vumbi. Kijiti cha kuchokolea meno kinavitosha.

Mfereji wa paa

Katika ukingo wa paa, maungio ya bati yamezibwa kiwandani kwa silanti, na kwa miaka mingi ya jua silanti hiyo hukauka na kupasuka. Keria inayoshikwa kwenye mfereji huharakisha jambo hili, kwa sababu kila mzigo unaotikisika juu yake hupinda ukingo kidogo na kuifungua nyufa. Vua keria, kwangua silanti iliyopasuka hadi ufikie bati, sugua kutu, paka praima, kisha weka silanti ya maungio ya bodi ya aina ya poliyurethani na uilaze kwa kidole chenye glavu. Ikikauka, ipake rangi. Matundu ya skrubu za taa au antena zilizoongezwa paani yazibwe kwa njia hiyohiyo.

Ukuta wa injini na sakafu

Kila waya unaotoka kwenye injini kuingia kabinini hupita kwenye raba ya tundu lake, na kila waya ulioongezwa baadaye, wa redio, alamu au taa za ukungu, umepitishwa na fundi aliyetoboa tundu jipya au kuitoa raba ya zamani. Mtu wa ndani azime tochi yake, wa nje amulike ukuta upande wa injini. Penye mwanga pana tundu. Weka raba ya ukubwa unaofaa na silanti kidogo kuizunguka. Pia uache kila waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia tunduni, ili maji yanayoufuata yadondoke kwenye kona hiyo ya chini badala ya kuongozwa ndani.

Sakafuni kuna vizibo vya mpira vilivyowekwa tangu kiwandani. Vikauke, vipotee, na kila dimbwi unalopita hurusha maji juu kupitia matundu yake. Badilisha vyote. Wakati huo gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti ya kufa. Sauti ya kufa karibu na boliti za kiti au za mkanda wa usalama ni jambo la kusimamisha gari hadi lichomelewe, kwa sababu mkanda hauwezi kumshika mtu ikiwa bati linaloushikilia limeoza.

Kukausha na kurudisha

Sugua kutu ya sakafu, paka dawa ya kutu, praima na rangi, na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Rudia zoezi la maji kwa utaratibu uleule wa chini kwenda juu. Magazeti yakibaki makavu, rudisha kiti na kukaza boliti zake barabara, lakini kapeti liache nyumbani hadi zipite mvua mbili kubwa, moja gari likiwa limeinamisha pua na nyingine likiwa limeiinua. Hata baada ya kulirudisha, mimi huweka ukurasa mmoja wa gazeti chini yake upande wa kushoto, na msimu wote wa mvua huuvuta kila Jumamosi kuutazama, nikiwa nimekwisha kuzoa majani ya parachichi chini ya waipa.